Tarumbeta ya Pili

Mume wangu Zagabe alipiga tarumbeta ya pili katika okestra ya Bukavu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kama hujui tarumbeta ya pili ni kazi gani, ngoja nikueleze: ni kukaa na kuhesabu. Wenye violini wanasugua, wenye filimbi wanapuliza, tarumbeta ya kwanza amesimama kidete watu wanamkodolea macho, na mume wangu ameweka chombo chake magotini, mguu unagonga sakafu polepole, anahesabu. Akimaliza kuhesabu anapuliza noti chache, kisha anarudi kuhesabu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehesabu na watoto wa watu mpaka koo limekauka, lakini sijaona mtu anayehesabu kwa moyo mmoja hivyo.

Okestra ile ilianzishwa na padri mmoja mzee wa Kizungu. Kabla hajafa, aliitungia kipande kirefu cha tarumbeta, na mwenye kukipiga alikuwa Benoît, tarumbeta ya kwanza. Vita ya pili ya Kongo ilipoingia, mwaka wa tisini na nane, Benoît alibeba mke na magodoro akakimbilia Bujumbura, na hatukusikia habari zake tena. Basi mwaka elfu mbili okestra ikataka kufanya jubile yake. Maestro Gérard, ndiye aliyekuwa akiiongoza, profesa wa chuo kikuu, mtu wa tai hata siku ya Jumamosi, akamwangalia mume wangu mbele ya wote akasema: "Zagabe, solo ni yako."

Mwanaume alirudi nyumbani Nyalukemba kama amekunywa. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Nsimire, wamenipa solo." Nikamwambia pongezi, sasa kula, hizi dagaa za sambaza zinapoa. Lakini nisiwadanganye, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaenda kulilia jikoni, nikisingizia moshi.

Hakula. Alitoka akaenda nyumba ya nyuma, kwa Mama Adélaïde. Huyo ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofia kijijini Miti, naye alikuwa akiishi ndani ya parcelle yetu, kiwanja kimoja nasi. Bibi mwenye ulimi, eeh! Kila konseri aliketi mstari wa mbele na rozari yake, na kila tulipofika nyumbani alimwambia Zagabe neno lile lile: "Mwanangu, nimesikia bote. Weye tu njo sikukusikia." Zagabe alikuwa akicheka. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja najua kwamba hakuwa akicheka. Jioni ile nilimsikia akimwambia, na sauti yake ilitetemeka kama ya mwanafunzi ubaoni: "Mama, safari hii utanisikia." Na bibi akamjibu: "Tutaona."

Hicho ndicho alichokitaka, hakuna kingine. Si jina, si kupigwa picha. Alitaka yule bibi akae mbele, amsikie yeye.

Ila kufanya mazoezi ya tarumbeta katika mji ulioshikwa na waasi na kujaa askari wao, weee, usiombe! Jioni ya kwanza tu alipokaa kwenye barza na kuanza kupuliza, walifika askari watatu kutoka kwenye kituo chao kule chini, ziwani. Ni nani anayewapigia ishara adui zao Mai-Mai kule msituni? Zagabe akawaonyesha karatasi za muziki. Mmoja akazigeuza juu chini, akasema hizo ni alama za siri. Wakamwamuru apige, akapiga, wakamzaba kofi katikati ya noti, tarumbeta ikamgonga ufizi. "Nikisikia tena hii kitu, nitakuingizia yote ndani ya koo, unaelewa?" Akaelewa. Tangu siku ile alifanya mazoezi kabatini. Ndiyo, kabatini! Alifungua kabati la nguo, akaingiza kichwa na tarumbeta katikati ya bikwembe vyangu, vitenge vya kuvaa, mimi nikamfunika blanketi kwa nyuma, akapuliza humo mpaka akatoka amelowa jasho. Bikwembe vyangu vyote vilinuka mate na shaba. Nilimgombeza kila siku, na kila siku nilimshikia blanketi.

Na alikuwa anajua kupiga, jamani. Hata ndani ya kabati ilisikika. Miaka yote ile ya kuhesabu, kumbe alikuwa amehifadhi kitu kifuani.

Sasa sikilizeni. Konseri ilikuwa imepangwa siku ya Jumamosi. Halafu watu wa société civile, vyama vya raia, wakatangaza ville morte siku ya Jumatatu. Kwa asiyejua, ville morte ni kuuacha mji ufe kwa siku moja: soko limefungwa, shule imefungwa, ofisi imefungwa, kila mtu ndani ya nyumba yake, wenye bunduki wabaki wakitawala barabara tupu. Ndiyo silaha tuliyokuwa nayo. Wenye bunduki wakakasirika, wakamwita Maestro Gérard, wakamwambia: konseri yenu haitakuwa Jumamosi. Itakuwa Jumatatu, saa tisa, kwenye salle kubwa, ule ukumbi wa mji, na radio itakuja, dunia isikie kwamba Bukavu inacheka.

Maestro akawakusanya wapigaji wote. Zagabe alinisimulia mwenyewe, macho yamemtoka. Walisimama kwenye chumba chao cha mazoezi, kila mmoja ameshika chombo chake, wakaapa: Jumatatu hakuna atakayekwenda. Wote watakuwa wagonjwa, malaria. Maestro alitoa hata machozi. Zagabe naye aliapa, kisha akarudi nyumbani akakaa kitandani akiangalia kabati lililofungwa. Nilimwambia, "Solo haifi, itapigwa siku nyingine." Akasema, "Najua." Hakuna aliyemlazimisha, aliapa kwa hiari yake, na mimi nilijivuna naye.

Jumapili baada ya misa, nani anabisha hodi? Maestro Gérard, na tai yake.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikitwanga sombe, majani ya muhogo, na nilipoona amepunguza sauti niliacha kutwanga. Nilisikia yote kwa masikio yangu haya mawili. Alisema: "Zagabe, mambo imebadilika. Bamesema tusipoenda, batachoma vyombo na batatufunga. Nimeongea na bengine bote, tutaenda. Saa tisa, nguo nyeusi. Lakini usiseme kwa mutu, hata kwa Marcelline, juu majirani wa quartier bakijua batatukata njia." Kisha akamvika kilemba cha ukoka, akamshika bega. "Bila weye hakuna konseri, ndugu yangu. Hii ni siku yako."

Alipoondoka nikatoka jikoni na mchi mkononi. "Nenda kamuulize Marcelline." Marcelline alipiga klarineti, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu.

"Maestro amesema tusiulizane."

"Maestro si Mungu."

"Nsimire, wewe hujui. Katika okestra, mmoja akifanya kichwa chake, wote wanaanguka. Fimbo ikiinuliwa, unaingia. Huulizi."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka ishirini mtu anaangalia fimbo ya mwingine ili ajue wakati wa kupumua, unafikiri siku moja atainuka aiulize fimbo inakwenda wapi? Nilimpigia pasi suti yake. Nilikuwa na hasira, nikaiunguza kidogo kwenye kola.

Jumatatu mji ulikufa kwelikweli. Hakuna pikipiki, hakuna mama anayenadi maandazi, hata kengele za kanisa zilinyamaza. Zagabe alitoka mapema, na pale mlangoni alikutana na Mama Adélaïde aliyekuwa ameanika maharage. Bibi aliona suti, akaona sanduku la tarumbeta.

"Unaenda wapi siku ya leo?"

Naye, kwa kuwa aliambiwa asiseme kwa mtu, akasema: "Naenda kuangalia mugonjwa, mama."

Bibi alimwangalia, akaliangalia sanduku, akarudi kwenye maharage yake. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno!

Mimi nilibaki nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Karibu na saa tisa roho ilikuwa juu, nikasema hapana, nikapita kwenye ua wa nyuma hadi kwa Marcelline. Nilitaka kumkuta mumewe tu, aniambie kwamba amekwenda. Nikamkuta mwenyewe. Amekaa kwenye barza ya nyuma, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anachambua mchele.

"Marcelline, uko hapa?"

"Niko wapi tena? Leo ni ville morte."

"Na konseri?"

Akaacha kuchambua. Hakuniangalia. Nikamwuliza tena, safari hii kwa sauti ya darasani, ile inayowafanya watoto wakojoe. Ndipo akasema. Wote walikuwa nyumbani. Wote! Maestro alipita kwa kila mmoja, akawaambia: wenye bunduki watatuadhibu kama hakuna hata mmoja atakayetokea. Akienda mmoja, watakuwa na kitu cha kuweka radioni na hasira yao itashuka. Na sisi mji utajua kwamba tulikataa.

"Kwa nini yeye?" nikamwuliza.

"Nsimire, usikasirike. Bote tuliona namna anapenda ile solo. Tulisema, basi, aipate."

Walimtoa kafara, halafu wakaona wamempa zawadi! Nililipiga teke lile beseni, maji yakamwagika barzani, nikaondoka mbio.

Nilipita katika mji uliokufa na kandambili zangu, ndizo pekee zilizosikika barabarani. Nyuma ya mapazia watu waliniona, naam, waliniona vizuri, mwalimu Nsimire anakimbilia konseri ya wale watu. Nilitaka kumtoa kabla hajaanza. Nilifika mlangoni askari akanishika mkono. Nikamwambia mume wangu yumo ndani, anaumwa, nimekuja kumchukua. Akacheka. "Mukewe? Ingia, maman. Watazamaji ni wachache."

Ndani kulikuwa na askari, maofisa wachache na wake zao waliovaa vizuri, na mtu wa radio na mashine yake. Jukwaani viti vyote vya okestra vilipangwa nusu duara, vitupu. Mbele ya viti hivyo amesimama Zagabe, peke yake, suti nyeusi na kola iliyoungua. Aliangalia mlango wa pembeni. Alikuwa bado anawasubiri.

Komanda alikaa kiti cha mbele, kijana aliyenyoa vizuri, soda mkononi. "Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja, mon commandant."

"Anza. Watakukuta."

Kile kipande cha padri mzee kinaanza na okestra. Okestra inapiga muda mrefu, mrefu sana, ndipo tarumbeta inaingia. Mtu mwingine yeyote angeruka pale, angeanza na sehemu yake akamaliza akaenda zake. Zagabe hakujua njia hiyo. Aliinua kichwa, akaangalia mahali ambapo fimbo ingekuwa, na mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Alikuwa anahesabu. Salle nzima kimya, yeye anahesabu okestra isiyokuwepo.

Mwanzoni walidhani anasali. Kisha mmoja akauliza, "Huyu ni kichaa?" Wakaanza kucheka. Walimrushia vizibo vya chupa. Kimoja kilimpiga kwenye paji la uso, hakupepesa jicho, mguu ukaendelea. Mimi nikapiga kelele, "Zagabe, tuondoke!" Hapo ndipo aliponiona, na midomo yake ilikuwa inatembea, namba juu ya namba. Alinitikisia kichwa kidogo tu, kama mtu anayeomba asikatizwe.

Komanda akageuka. "Ni nani huyu?"

"Mukewe, affandé."

"Safi! Kumbe okestra imefika." Akainuka, akapanda jukwaani, akaniamuru nipande. Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki mgongoni. Wakanikalisha kwenye kiti cha violini. "Wewe, maman, ni violini. Piga." Sikuelewa. Akanionyesha: mkono mmoja shingoni, mwingine unasugua hewa. "Piga!" Nikasugua hewa. Mimi, mwanamke wa watu, nimekaa mbele ya askari na kitenge changu cha jikoni, nasugua hewa! Wakawapandisha na baadhi ya askari wao: huyu ngoma, anasema pum-pum, huyu filimbi, anapiga mluzi. Komanda mwenyewe akachukua kijiti, akasimama mahali pa Maestro, akaanza kukizungusha kama anayefukuza inzi. Salle ililia kwa kicheko, wale wake za maofisa wakapangusa macho.

Na katikati ya makelele yale, Zagabe aliinua tarumbeta akaingia. Hesabu ilikuwa imefika.

Sitasema kwamba walinyamaza wote. Wengine waliendelea na pum-pum zao. Lakini aliipiga ile solo yote, kila kipande, na kila palipokuwa na zamu ya okestra alishusha tarumbeta akahesabu huku wanambwekea, kisha akaingia tena mahali pake. Nilisugua hewa mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimchukia komanda, nilimchukia Gérard, na nisifiche, nilimchukia Zagabe pia kwa kupiga vizuri hivyo mbele ya mbwa wale.

Alipomaliza, komanda alimpigapiga shavu. "Muzuri sana. Ambia wenzako, kazi imekwisha, hakuna atakayewagusa."

Njiani kurudi nilimwambia yote niliyoyasikia kwa Marcelline. Tulipokaribia nyumbani akasema: "Labda Maestro alizuiwa njiani." Hatua chache tena: "Sikukosa kuingia hata mahali pamoja, Nsimire. Ulisikia?" Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba mgongoni. Nikamwambia nimesikia.

Jioni radio ilitangaza: mji wa Bukavu ulifurika kusherehekea jubile ya okestra yake. Wakakata makelele yote, wakaiacha tarumbeta tupu, safi. Nyumba zote za Nyalukemba zilikuwa zimefungua radio. Na walipomaliza, nikasikia mtu anagonga sufuria getini kwetu, kwa kijiko, ile namna tuliyokuwa tukigonga usiku wa kuwalaani wenye bunduki. Nikachungulia. Alikuwa Mama Adélaïde. Alikuwa ametoka ndani ya parcelle yetu, akazunguka, akasimama nje barabarani pamoja na majirani, akawa anagonga.

Kuanzia hapo maisha yakawa machungu. Kwenye bomba la maji nikipanga ndoo yangu, nikigeuka naikuta nyuma kabisa. Wazazi wakawahamisha watoto wao darasani kwangu. Bibi akahamia kwa mpwa wake mwingine huko juu, akabeba kitanda chake mwenyewe kichwani ili asimwombe Zagabe mkono.

Jumamosi Zagabe alikwenda mazoezini kama kawaida. Nilimfuata, maana nilijua. Kiti chake kilikuwa kimeondolewa. Maestro Gérard alishuka kutoka kwenye kibao chake cha kuongozea, akasema mbele ya wote, taratibu, kama anayesoma neno la rambirambi: "Okestra iliapa. Wewe ulikwenda. Mji unatuangalia, Zagabe. Hatuwezi kukaa nawe."

"Maestro," akasema mume wangu, "ulikuja nyumbani kwangu. Jumapili."

"Mimi?"

Macho makavu! Uso wa mtu aliyetoka komunyo! Nikalipuka. Niliwataja mmoja mmoja, nikamwambia Marcelline asimame aseme alichoniambia huku miguu yake imelowa. Marcelline akainamia klarineti yake, akaanza kuifuta. Wote walianza kufuta vyombo vyao. Zagabe akanishika mkono tukatoka. Alikuwa analia, na alikuwa hataki waone.

Miezi ikapita. Okestra ikawa mashujaa wa mji. Padri wa parokia akawapa kanisa, wafanye jubile yao ya kweli, Jumapili alasiri, watu wote waje. Kila mtu alisema ile solo itapigwa na Jacques. Huyu Jacques alikuwa tarumbeta mpya, karani wa benki, kijana mtanashati wa mabega mapana. Sauti yake ya tarumbeta ilikuwa ya mbuzi anayevutwa kamba.

Siku chache kabla ya Jumapili, hodi tena. Safari hii hakuwa na tai.

"Jacques hawezi," Gérard alisema. Hakukaa, sikumpa kiti. "Tumejaribu. Hawezi. Zagabe, nakuomba. Tutafanya playback, kama wanamuziki wa televisheni. Jacques atasimama mbele, atashika tarumbeta mdomoni. Weye utakuwa ndani ya sacristie, chumba cha padri kando ya altare, mulango wazi kidogo, nyuma ya pazia. Kanisa ina mwangwi, hakuna mutu atajua sauti inatoka wapi. Watu wakikuona weye, watachoma kanisa. Unaelewa."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya maji ya kuoshea sombe. Niliyamwaga yote juu ya viatu vyake. Hakusogea hata kidogo. Alikuwa anamwangalia Zagabe tu.

"Vita ikiisha," akaongeza, "tutaambia watu ukweli."

"Toka!" nikasema. "Toka kabla sijachukua mchi!"

Lakini Zagabe aliuliza swali moja. "Mama Adélaïde atakuja?"

"Atakuwa mustari wa mbele."

"Basi nitapiga."

Nilimwambia maneno usiku na mchana ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia hana uti wa mgongo. Nilimwambia bibi atamsikia Jacques, si yeye. Akanijibu taratibu, akisafisha tarumbeta yake: "Atanisikia mimi. Atakayemwona ni mwingine. Mimi nilimuahidi atanisikia."

Jumapili ile tulipitia mlango wa nyuma. Nilikwenda naye, sikutaka akae peke yake. Kupitia ufa wa pazia niliona kanisa limejaa, watu wamekaa hadi kwenye ngazi za altare. Mama Adélaïde alikuwa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Okestra ikaanza. Zagabe akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi kidogo, mguu wake ukaanza kugonga, na nikaona uso wake umelegea, kwa sababu safari hii okestra ilikuwepo kweli. Akaingia.

Sijui muziki, mimi najua alfabeti na jedwali la kuzidisha. Najua tu kwamba nilisahau hasira yangu yote. Alipiga vita, alipiga waliokufa Bunyakiri na kila mahali, alipiga miaka yake yote ya kukaa kimya. Kule mbele watu walianza kulia, kwanza wanawake, kisha wanaume. Mama Adélaïde aliinuka akasimama, mikono juu, machozi yanamtiririka. Sikuwa nimemwona yule mwanamke akilia tangu vita ianze, hata siku walipomzika kaka yake.

Mwisho, kanisa likapasuka kwa makofi na vigelegele. "Jacques! Jacques!" Walimbeba juu kwa juu na tai yake. Zagabe aliifunga tarumbeta haraka sandukuni, kama alivyoagizwa, akaisukuma kwa mguu chini ya benchi. Midomo yake ilikuwa bado na alama nyekundu, na alikuwa anatabasamu. "Amesimama," akaninong'oneza. "Umeona? Amesimama."

Mlango wa sacristie ukasukumwa. Alikuwa Mama Adélaïde, anamtafuta padri amwombee misa ya shukrani. Akatukuta. Alimtazama Zagabe muda, juu mpaka chini, akipumua kwa nguvu, mashavu bado yamelowa.

"Umekuya kujificha huku, usikilize kama mwizi."

Nikafungua mdomo. Zagabe akanibana mkono, akanibana mpaka nikaumia, nikanyamaza.

"Ni muzuri umekuya," bibi akasema. "Minamushukuru Mungu amenifikisha leo. Umesikia namna mwanaume anapiga?"

"Nimesikia, mama," akasema mume wangu.